Madumu sita kwa siku: kisa cha kambi ya farasi ya familia yetu Tabora

Farasi jike alikufa Februari 2023, kabla jua halijachomoza. Kaka, mtoto wa kwanza wa mjomba, alikuwa amelala naye bandani usiku wa tatu mfululizo. Alikuja hadi mlangoni kwa mjomba akasimama bila kupiga hodi, na mjomba alipofungua alimtazama usoni akamwambia, "Pole, baba." Hakuongeza neno.

Tangu siku hiyo, kila aliyetuuliza habari za kambi yetu ya wageni alisimuliwa kifo hicho. Farasi alikufa, ndiyo maana mambo yalikwenda kombo. Mimi ndiye ninayeshika daftari la kambi, kwa kuwa kazi yangu mjini ni hesabu, na mwaka huu nimelipitia tena tangu ukurasa wa kwanza. Daftari halisemi hivyo. Mwezi jike alipokufa wageni hawakupungua, na mwezi uliofuata wakaongezeka kidogo. Kambi ilisimama kweli kweli Septemba, pale mke wa mjomba, ambaye sisi wote tunamwita Mama Mkubwa, alipokwenda msibani kwao Sikonge akakaa huko wiki sita. Wageni waliokwisha kutoa malipo ya awali tuliwarudishia fedha. Lango tukalifunga kwa kamba.

Nakiandika kisa hiki kirefu kwa sababu najua familia kadhaa za mkoa huu zinazofikiria biashara ya namna hii, na naona zinaanza kuuliza swali lile lile tuliloanza nalo sisi: tununue mnyama gani?

Wazo lilivyokuja

Shamba liko ng'ambo ya Kwihara, kusini-magharibi mwa mji wa Tabora, pale mashamba ya mahindi na karanga yanapoishia na miombo inapoanza. Mjomba alilirithi kwa babu pamoja na wadogo zake wawili. Ni mrina asali tangu ujana wake. Mizinga yake ya magome na ya magogo imetundikwa kwenye mitundu na miyombo kuelekea msituni, na hakuna hata mmoja ulioandikwa mahali popote. Yote iko kichwani mwake.

Mtoto wake wa kwanza, ambaye kwangu ni kaka, alikwenda Arusha baada ya kidato cha nne akapata kazi ya usaisi kwenye shamba la farasi. Alikaa miaka tisa. Alijifunza kulisha, kusugua, kupunguza kwato, kufunga hatamu, na kumpandisha mgeni ambaye hajawahi kukaa juu ya mnyama yeyote. Aliporudi mwaka 2021 alikuwa na akiba na alikuwa na hoja. Tabora ina historia ambayo watu wanaisoma vitabuni, ina msitu, ina asali inayojulikana nchi nzima, ina treni na ndege. Kinachokosekana ni sababu ya mgeni kulala siku tatu badala ya kupita.

Hoja ilikuwa nzuri, na mpaka leo ni nzuri. Burton na Speke walifika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857. Kwihara ndipo lilipo tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, ambalo Stanley na Livingstone walikaa mwaka 1872. Stanley akaondoka Machi, Livingstone akabaki hadi Agosti akiwasubiri watu wa kumbebea mizigo. Mwaka uliofuata Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, walipita huku wakiwa na mwili wake, wakielekea pwani. Njia hiyo ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, iko tangu 2006 kwenye orodha ya maeneo ambayo Tanzania inayapendekeza kuwa urithi wa dunia. Ukisimama chini ya miembe mikongwe ya upande wetu jioni, huhitaji kusimuliwa mengi.

Kaka alitaka wageni waipite njia hiyo juu ya farasi. Alinunua wawili, jike na dume lililohasiwa, wote wa makamo na wapole. Julai 2022 waliletwa kwa lori, vibali vya kusafirisha mifugo mkononi, kupitia Babati, Singida, Igunga na Nzega. Watoto wa kijiji walifuata lori kutoka barabara kuu hadi lango la shamba. Wengi wao walikuwa hawajawahi kumwona farasi.

Kuna jambo moja ambalo sote tuliokuwa tukizisoma habari za Stanley tulilipita bila kulitafakari. Alitoka Bagamoyo mwaka 1871 akiwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa katika wiki za mwanzo, hata nusu ya njia ya Tabora hawajaifikia.

Kilichomuua jike

Banda lilijengwa chini, karibu na korongo, ambapo majani hubaki mabichi hata Septemba na miti inatoa kivuli kizuri. Kwa mtu aliyejifunza farasi Arusha, mahali pale palikuwa na kila kitu. Mjomba alisema siku ya kuchimba misingi, "Ng'ombe halali upande ule." Alisema mara moja, na kwa kuwa ni mtu asiyependa kumkatisha tamaa mtoto, hakurudia. Sote tulimsikia. Tulidhani anazungumzia fisi.

Alikuwa anazungumzia mbung'o, nzi wanaofyonza damu na kueneza magonjwa. Wazee wa Unyamwezi walijua ni wapi ng'ombe walale na wapi wapite mchana tu, na ujuzi huo waliupata kwa hasara. Sotoka, tauni ya ng'ombe, ya miaka ya 1890 ilimaliza mifugo sehemu kubwa ya nchi. Mahali palipokuwa malisho pakawa vichaka, na mbung'o wakafuata vichaka. Wakati wa Waingereza watu wa maeneo mengi ya magharibi walihamishwa wakakusanywa pamoja ili kukwepa malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o. Historia hiyo haiko mbali. Urambo na Uyui ni majina yanayojulikana kwa yeyote aliyewahi kusoma habari za malale nchini.

Mbung'o wa miombo hupenda damu ya ngiri, na hunywa pia ya pongo. Korongo letu lina ngiri na pongo, ndiyo sababu kaka aliliona zuri kwa wageni. Wanyama hao wa porini hubeba vimelea vya tripanosoma bila kuugua sana. Ng'ombe huugua akakonda. Farasi huugua zaidi ya ng'ombe, na tripanosoma ya aina inayoingia kwenye mfumo wa fahamu humuua.

Jike alianza kukonda Desemba, mvua zikiwa zimekolea. Kilichotuchanganya ni kwamba alikuwa anakula. Mnyama anayekula vizuri huku anakonda, wengi tunafikiria minyoo, akapewa dawa ya minyoo. Januari macho yakaanza kutoa machozi, tumbo likavimba upande wa chini, homa ikawa inapanda na kushuka. Daktari wa mifugo alipochukua damu na kuitazama kwa hadubini, vimelea vilikuwepo. Alichomwa diminazini, dawa ile ile wanayochomwa ng'ombe wenye ndorobo, yaani ugonjwa wa tripanosoma, kwa uangalifu mkubwa kwa sababu farasi hawaihimili vizuri kama ng'ombe. Siku kumi akachangamka. Kisha akaanza kuyumba miguu ya nyuma. Vimelea vikishaingia kwenye ubongo, diminazini haivifikii.

Dume alikuwa bado mzima. Kaka alimrudisha Arusha mwezi huo huo, na nadhani huo ndio uamuzi mgumu na mzuri kuliko yote aliyofanya.

Hata kama mbung'o wasingekuwepo, kulikuwa na hatari nyingine mbili ambazo hatukuzipangia. Ya kwanza ni homa ya farasi ya Afrika, inayoenezwa na visubi wadogo wanaouma kati ya magharibi na alfajiri. Huua farasi wengi inaowapata, na kinga yake ni chanjo pamoja na kumlaza mnyama ndani usiku kwenye banda lenye wavu. Banda letu lilikuwa wazi pande tatu. Ya pili ilitutokea: nyuki. Siku moja dume alifungwa kwenye mti akiwa na jasho baada ya matembezi, na kijana akafungua mzinga wa jirani mchana badala ya kungoja giza. Dume alikata kamba, akarudi nyumbani uso umevimba. Mgeni angekuwa juu yake, leo ningekuwa naandika kisa kingine. Punda na mbuzi waliofungwa hufa kwa nyuki, na mrina asali yeyote analijua hilo. Lakini katika familia yetu aliyejua nyuki na aliyejua farasi hawakuwahi kuketi kupanga ramani moja.

Madumu sita

Sasa nifike kwenye jambo ambalo daftari lilinificha, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuliwekea safu.

Farasi mmoja wa kilo mia nne hunywa lita thelathini hivi kwa siku, na wakati wa joto zaidi. Wawili ni lita sitini, madumu matatu. Ongeza la kuwaosha jasho, la kusafisha vyombo vya kulia na la kulowesha pumba, unafika madumu sita. Kisima cha nyumbani hupungua kuanzia Septemba, na Oktoba maji yanachotwa bwawani, mwendo wa karibu nusu saa. Nani aliyachota? Mama Mkubwa, wake wawili wa binamu zangu, na binti yao wa darasa la sita baada ya shule.

Hao hao ndio waliopika. Hao hao walifua mashuka, wakafagia vyumba vya tembe, wakakanda udongo wa kupiga lipu, wakasonga ugali wa mtama, wakachemsha matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya chai ya asubuhi.

Katika daftari langu kuna safu ya pumba, ya chumvi, ya daktari, ya misumari, ya mafuta ya pikipiki, ya mshahara wa kijana wa banda. Safu ya jiko inasema "sukari, chumvi, mafuta, mchele". Mikono haimo. Kwa hiyo kila mwezi farasi walionekana wana gharama na jiko likaonekana linaleta faida, na kila mwezi tulichukua faida ya jiko tukaipeleka kwa farasi. Nilifanya hesabu hiyo mwenyewe na nikaona imekaa sawa.

Nimerudi pia kuangalia wageni walilipia nini. Waliopanda farasi wengi walitoka mjini Jumapili, familia na maharusi, wakalipa shilingi 5,000 ya kupanda na kupiga picha, wakanywa soda, wakarudi. Walitupa furaha na jina. Waliolala, ambao ndio walioleta fedha, waliandika kwenye kitabu cha wageni mambo mengine kabisa: kwenda na mjomba kurina asali usiku, moto wa mwenge na moshi na sauti yake akiongea na nyuki, ntalali mbivu, matunda ya porini, kwenye sahani ya udongo, uyoga wa masika, hadithi za Mama Mkubwa kuhusu bibi yake aliyezaliwa kwenye tembe kama lile walilolala. Mgeni mmoja alikaa usiku mmoja zaidi ili ajifunze kukausha michembe ya viazi vitamu.

Jike alipokufa na dume akaondoka, madumu sita yakapungua. Chakula kikawahi. Wake za binamu zangu walipata muda wa kukaa na wageni jioni. Ndiyo maana Machi haikushuka, na mimi wakati ule niliandika pembeni ya ukurasa "bahati".

Septemba ikaja. Dada yake Mama Mkubwa akafariki Sikonge. Alikwenda kuzika, na baada ya maziko akabaki na watoto wa marehemu hadi mambo yakakaa vizuri, kama ambavyo mtu yeyote mwenye moyo angefanya. Wake za binamu walijaribu wiki moja. Halafu mmoja wao akasema wazi mbele ya mjomba kwamba yeye ana shamba lake la karanga la kuandaa, na kwamba hajawahi kulipwa hata shilingi kwa kazi ya wageni. Hakusema kwa ukali. Mjomba alinigeukia mimi. "Mpwa wangu, ni kweli?"

Nilifungua daftari nikaona ni kweli.

Tulivyoanza upya

Mama Mkubwa aliporudi tulifanya kikao cha ukoo chini ya mwembe, siku nzima, na shangazi mkubwa akakiongoza. Jiko lilizungumzwa kwanza, kabla ya mnyama yeyote. Mgeni wa kulala hulipa shilingi 70,000 kwa siku pamoja na chakula na kuongozwa. 10,000 katika hizo zinatengwa siku hiyo hiyo kwa ajili ya mikono ya jikoni na vyumbani, na Mama Mkubwa ndiye anayezigawa na kuweka sahihi. Hazikopwi kwa jambo lolote. Mjomba naye analipwa kwa kila safari ya msituni. Binti wa shule haruhusiwi kuchota maji ya wageni. Wake za binamu wamepewa pia haki ya kukataa kundi la wageni wakati wa kupanda na wa kuvuna, na wameshaitumia mara mbili.

Ardhi nayo ilikuwa imebeba tatizo kimyakimya. Wadogo zake mjomba walikuwa wakiona majengo yakipanda kwenye eneo la baba yao bila kuulizwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu hatimiliki ya kimila kutolewa kwa familia kwa pamoja, si lazima kwa jina la mtu mmoja. Kijiji chetu kina mpango wa matumizi ya ardhi, kwa hiyo ombi lilikwenda kwa jina la wote watatu, na kambi ikabaki mpangaji inayowalipa kodi ndogo kila mwaka. Ningeshauri familia yoyote ianze na karatasi hii kabla ya kuweka tofali la kwanza. Leseni na namba ya mlipa kodi ni mambo ya kufuata utaratibu tu. Ugomvi wa urithi hauna dirisha la kupelekea fomu.

Mnyama akaja mwisho. Tulinunua punda wanne mnadani Igunga. Bei ilikuwa juu, kwa kuwa biashara ya ngozi ilikuwa imewamaliza wengi kabla serikali haijaizuia. Mwaka 2024 Umoja wa Afrika nao ukakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Punda si chuma. Huugua ndorobo pia, na misafara ya zamani ilipoteza wengi njiani. Ila huvumilia zaidi, homa ya farasi ya Afrika kwa kawaida haimsumbui sana, hunywa maji kidogo kuliko farasi, na hula majani makavu ambayo jike letu lilikuwa linayanusa na kuyaacha. Wanalala juu, karibu na nyumba, kule ng'ombe wanakolala. Damu yao inapimwa kabla ya masika na baada ya masika.

Mtu mzima hapandi punda wetu. Mashirika ya kutetea punda yanashauri mzigo usizidi kilo 50 kwa mnyama wa kimo cha kawaida, na mgeni mwenye kilo 80 si mzigo wa punda wa Igunga. Kaka aliumia kusikia hivyo, kwa sababu kupandisha watu ndiyo kazi anayoijua. Kisha akapata mpango ambao nauona bora kuliko ule wa farasi: wageni wanatembea, punda wanabeba maji, mahema na chakula, na mtoto mdogo akichoka anapandishwa. Kilomita 12 kwa siku chini ya miembe na ndani ya miombo, kwa mwendo wa msafara. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita njia hii walibeba karibu frasila mbili, zaidi ya kilo 30, mabegani, na walikwenda kwa miguu hadi pwani. Mgeni anayeitembea njia hiyo kwa miguu yake, na saa moja tu akajaribu kubeba mzigo wa kilo 15, anaelewa kitu ambacho kutoka mgongoni mwa farasi hakionekani. Mwalimu mmoja aliyeleta wanafunzi wake alinyamaza muda mrefu baada ya zoezi hilo, kisha akaomba waimbe.

Usaisi wa kaka haukupotea. Kwato za punda wetu ni nzuri kuliko za punda yeyote niliyemwona mnadani. Anazikagua kila siku, anazipunguza kila baada ya wiki sita hadi nane, na jirani zetu wenye punda wa kukokota mikokoteni humletea wa kwao siku za Ijumaa. Hatamu zake ni za kitambaa laini, bila lijamu, kile chuma cha mdomoni. Matandiko anashona mwenyewe kwa magunia na sufi, yasichune mgongo.

Bado anataka farasi. Alitueleza hivyo kwenye kikao cha Juni, kwa utulivu, mbele ya baba yake: farasi mmoja, banda la juu lenye wavu, chanjo, maji ya bomba kutoka kwenye tangi badala ya kichwa cha mtu. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyemkatalia. Mama Mkubwa aliuliza tangi litajazwa na nani. Kaka akajibu kwamba litajazwa na pampu, na kwamba pampu inunuliwe kwanza, farasi baadaye. Mjomba akaongeza sharti lake: mbung'o wahesabiwe mwaka mzima.

Tumeweka mitego minne ya kitambaa cha buluu na cheusi, rangi zinazowavuta mbung'o: miwili korongoni, mmoja kwenye njia ya mizinga, mmoja juu karibu na nyumba. Kila Jumamosi kaka anaizungukia na kuandika, na mimi nimempa safu katika daftari. Jumamosi iliyopita wa nyumbani ulikuwa na wawili. Wa korongoni, pale lilipokuwa banda, ulikuwa na thelathini na mmoja.